Kati ya ua na mlima: jinsi ya kusoma mchoro wa bustani ya kupangwa

Swali: Mimi ni mwalimu wa sanaa katika shule ya sekondari hapa Nakuru, upande wa Njoro. Ofisi yetu ni nyumba ya zamani ya mwenye shamba, na ukutani ulibaki mchoro wa rangi za mafuta, upana sentimita 90, kimo 60, hauna sahihi. Mbele kuna bustani ya kizungu: njia ya changarawe iliyonyooka, ua mfupi uliokatwa kama kwa rula kila upande, misaipresi sita myembamba na chemchemi ya kurusha maji. Nyuma kuna milima mitatu ya buluu, mmoja una kilele cheupe. Mtu ni mmoja tu, kibarua mdogo mwenye toroli, pembeni kushoto. Baadhi ya wanafunzi wanasema ni Menengai, wengine ni Peponi. Kitabu chetu cha mwongozo kinasema milima ni vizuizi vya maisha na bustani ni amani. Mchoro kama huu una maana gani, na nifundishe vipi kuufasiri?

Jibu: Mwalimu, umefanya vyema kuueleza mchoro kabla ya kuuliza maana yake. Soma tena maelezo yako mwenyewe. Umetaja kilicho mbele, ukataja kilicho nyuma. Katikati, pale ua unapokoma na mlima unapoanza, hukutaja chochote, na sidhani kwamba ulisahau. Kuna uwezekano mkubwa kwamba mchoraji hakuweka kitu pale, au aliweka ukungu na mstari wa miti kisha akaruka moja kwa moja hadi milimani. Hapo ndipo ningewaelekeza wanafunzi, kwa sababu maana kubwa ya michoro ya aina hii imejificha mahali hapo.

Kitabu cha mwongozo kiweke kando kwanza. Mlima kuwa kizuizi na bustani kuwa amani ni majibu yaliyopikwa kabla ya mchoro kuonekana. Yangefaa vilevile kwa kalenda ya benki. Kwa Mkikuyu wa zamani aliyesali akielekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, mlima ulikuwa makao ya Ngai, Mungu wao. Kwa Mzungu wa karne ya 17, vilele vya Alps vilikuwa mahali pa kuogofya na pa kupita haraka. Karne moja baadaye hofu hiyohiyo iligeuka kuwa kitu cha kutafutwa. Mwanafikra Edmund Burke aliandika mwaka 1757 kuhusu ukubwa unaotisha na kupendeza kwa pamoja, na mwaka 1786 watu wakafika kilele cha Mont Blanc, mlima wa Alps, kwa mara ya kwanza. Maana ya mlima hubadilika kulingana na nani anautazama, lini, na akiwa amesimama wapi. Hilo la mwisho linapimika, kwa hiyo tuanze nalo.

Usiguse mchoro wenyewe. Upige picha ukisimama sawa na katikati yake, simu ikiwa wima bila kuinama, mwanga ukitoka dirishani kwa ubavu, wala usitumie flashi. Simu ikiinama hata kidogo, mistari itakutana mahali pasipo pake na hesabu yote itaharibika. Chapisha nakala kadhaa za A4. Sasa wanafunzi wachukue rula na penseli, warefushe kingo mbili za njia ya changarawe hadi zikutane. Hiyo ni nukta ya kutokomea. Wapitishe mstari wa mlalo kwenye nukta hiyo kutoka ukingo hadi ukingo: huo ndio upeo wa macho, na uko kwenye kimo cha jicho la anayetazama.

Kibarua wenu wa pembeni ndiye ufunguo wa hatua inayofuata. Pima kimo chake kutoka nyayo hadi utosini, kisha pima kutoka nyayo zake hadi mstari wa upeo. Tuseme ana sentimita 3, na upeo uko sentimita 7.5 juu ya nyayo zake. Gawanya, unapata 2.5. Zidisha kwa kimo cha mtu wa kawaida, mita 1.7, unapata mita 4.25. Basi jicho linalotazama bustani liko zaidi ya mita nne kutoka ardhini: dirisha la ghorofani, au baraza lililoinuliwa. Iwapo mstari utapita usawa wa kichwa chake, mtazamaji amesimama chini pamoja naye. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko ishara yoyote ya kitabuni. Mchoro wa kwanza ni wa mwenye nyumba anayetazama milki yake kutoka juu. Wa pili ni wa mtu anayetembea ndani yake.

Hesabu hii inategemea ardhi iliyo tambarare. Bustani ikiwa ya matuta yanayoshuka, na kibarua yuko tuta la chini, jibu litakuwa kubwa kupita kiasi. Na kingo za njia zikikutana mahali pamoja huku kingo za ua zikikutana pengine, usiwaache wanafunzi waite hilo "mbinu ya kipekee" haraka. Mara nyingi ni mchoraji wa kujifundisha mwenyewe, au ni mtu aliyeunganisha sehemu kutoka kwenye michoro miwili, bustani ya huku na milima ya kule.

Vivuli vina habari pia, nasi tunaoishi karibu na Ikweta tunapaswa kuwa waangalifu navyo. Hapa Nakuru, mwezi Machi au Septemba, kivuli cha mti hulingana na kimo chake takriban saa tatu na nusu asubuhi, halafu tena saa tisa na nusu alasiri. Saa sita na nusu mchana kinakaribia kuwa chini ya mti wenyewe. Hata Juni au Desemba, kivuli cha mchana hapa hakifiki nusu ya kimo cha mti. Mjini Roma mambo ni mengine: mchana wa Desemba kivuli ni zaidi ya mara mbili ya kimo. Kwa hiyo vivuli virefu vya misaipresi kwenye changarawe si lazima viwe machweo wala "mwisho wa maisha", kama wanafunzi wanavyopenda kuandika. Vinaweza kuwa saa saba mchana katika nchi ya mbali. Angalia kwanza kama vivuli vyote vinaelekea upande mmoja, kisha kama upande wa milima wenye mwanga unakubaliana navyo. Visipokubaliana, umepata ushahidi wa pili kwamba bustani na milima havikuchorwa mahali pamoja.

Sasa swali la Menengai. Kilele cheupe kinatosha kulijibu kama weupe huo ni theluji, lakini kuna sababu nyingine yenye mafunzo zaidi. Menengai ni bakuli la volkano lililobomoka, upana wake takriban kilomita 12 kwa 8, na ukiwa mjini huoni ncha. Unaona mgongo mrefu ulioinama taratibu. Sehemu yake ya juu iko mita 2,278 juu ya bahari, na mji uko kwenye 1,850 hivi. Mtu aliyesimama kilomita 8 kutoka hapo anauona ukiinuka kwa nyuzi (digrii) 3 tu, karibu upana wa vidole viwili ukinyoosha mkono. Wanafunzi wajaribu wenyewe kwa mlima wowote wanaouona. Wengi hushangaa jinsi milima ilivyo mifupi. Tukikadiria kwamba mchoro wenu wa sentimita 90 unabeba nyuzi 50 za mtazamo, kila uzi mmoja ni sentimita 1.8, na mgongo kama wa Menengai ungestahili sentimita 5 au 6. Ukiupima mlima wenu ukapata 20, ama mchoraji alikuwa chini yake kabisa, ama aliuinua. Kuinua ni desturi ya wachoraji tangu zamani, kwa sababu jicho linapouangalia mlima huupa ukubwa ambao rula haiuoni. Muhimu ni kujua ameinua kiasi gani, kisha kuuliza kwa nini.

Misaipresi isikudanganye. Ile myembamba kama mshumaa ni ya nchi za Mediterania, lakini hupandwa kwingi kama pambo, na mti hauwezi kukwambia nchi. Vivyo hivyo ua: huko Ulaya ungekuwa wa vichaka viitwavyo boksi, hapa kwetu wa kayaba, na kwa brashi nene vyote ni kijani tu. Kuning'inia kwa mchoro huu katika nyumba ya Njoro kunaeleza ulitumiwa wapi. Hakuelezi ulichorwa wapi.

Buluu ya milima wanafunzi wasiipe huzuni wala mbingu kabla ya kuipa hewa. Mwanga wa buluu hutawanywa na hewa zaidi ya mwekundu, na kadiri umbali unavyokua ndivyo hewa iliyo kati yako na mlima inavyoongeza buluu yake. Leonardo da Vinci aliwaeleza wachoraji jambo hilo zaidi ya miaka 500 iliyopita, na wachoraji wa Flanders wakalifanya kuwa kanuni: kahawia mbele, kijani katikati, buluu nyuma. Ukikuta mchoro umetoka kahawia na kijani kibichi cha bustani ukaingia buluu ghafla, bila kijani kilichofifia kati yake, ujue sehemu ya kati imerukwa kwa rangi pia, si kwa maumbo tu.

Kabla ya kusema lolote kuhusu rangi, lakini, tazama ile theluji. Ikiwa ina rangi ya chai ya maziwa, basi vanishi imezeeka au moshi wa kuni umeipaka, na kila buluu iliyo chini yake inaonekana ya kijani kuliko ilivyokuwa. Ukingo uliofunikwa na fremu huwa umebaki karibu na rangi ya asili; mwenye kujua kufungua fremu anaweza kukuonyesha. Usijaribu kuusafisha kwa kitunguu, viazi, mkate wala kitambaa chenye maji. Ukiwa na lenzi ya kukuza mara kumi, tazama pia kama kuna vitone vidogo vilivyojipanga kwa mpangilio. Vikiwepo, hiyo ni nakala ya mashine, na mambo ya brashi yaachwe.

Tufike sasa kwenye chemchemi, maana hapo ndipo bustani na mlima vinaposhikana mikono. Maji ya kuruka hayaruki kwa uzuri. Yanaruka kwa sababu chanzo chake kiko juu zaidi. Bila pampu, maji ya kuruka mita 5 yanahitaji chanzo kilicho zaidi ya mita 5 juu ya mdomo wa bomba, kwa kuwa sehemu ya nguvu hupotea njiani kwa msuguano. Kule Tivoli karibu na Roma, chemchemi za Villa d'Este za karne ya 16 zililishwa na mto Aniene kwa mteremko peke yake. Bustani ya Shalimar huko Kashmir, iliyoanzishwa mwaka 1619 na mfalme Jahangir, hupokea maji ya mfereji kutoka upande wa milima, huyashusha tuta kwa tuta, kisha huyaelekeza Ziwa Dal. Mfalme wa Ufaransa kule Versailles hakuwa na mlima, na kwa hiyo ilibidi mtambo wa magurudumu 14 ujengwe kwenye mto Seine na kukamilika mwaka 1684, ili kusukuma maji yapande. Hata hivyo hayakutosha chemchemi zote kuruka kwa pamoja siku nzima.

Katika mchoro wenye chemchemi mbele na mlima nyuma, basi, mlima ni tangi. Wanafunzi wa Njoro wanalielewa hili kuliko wa nchi nyingi: mto Njoro unaanza kwenye msitu wa Mau, unapita kwenye mashamba na makazi ya watu, unaishia Ziwa Nakuru. Juu kuna chanzo, chini kuna mapokeo, na katikati kuna watu wanaoteka, wanaonywesha mifugo, wanaolima hadi ukingoni. Mchoraji wenu ametuonyesha chanzo na mapokeo. Ameyaficha yaliyo kati.

Watu wamelifikiria jambo hili kwa muda mrefu. Cicero, Mroma wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliyaita mashamba na mifereji iliyotengenezwa kwa mikono ya watu kuwa kama maumbile ya pili. Mwaka 1541 Jacopo Bonfadio, akiandika kuhusu bustani za kando ya Ziwa Garda chini ya milima ya Italia, aliziita maumbile ya tatu, kwa kuwa ndani yake sanaa na asili vimechanganyika. Weka mawazo hayo mawili pamoja upate kipimo kizuri cha darasani: pori na mlima ni maumbile ya kwanza, shamba ni ya pili, bustani ya pambo ni ya tatu. Kisha uliza: mchoro huu una yapi? Wenu una la kwanza na la tatu. Shamba, linalolisha watu na kulipia bustani, halipo.

Huenda halipo kwa sababu za kawaida kabisa: mchoraji alitaka nafasi, au alikuwa mahali ambapo ukuta uliziba mashamba. Kuna bustani za Uingereza zilizozungushiwa handaki badala ya uzio, ili anayetazama kutoka nyumbani asione mpaka wowote, ingawa ng'ombe walizuiwa wasiingie. Kuna bustani za Japani, kama ya Entsu-ji kule Kyoto, ambapo ua hukatwa kwa kimo maalumu ili uzibe vilivyo kati na kuuachia Mlima Hiei uonekane kama sehemu ya bustani. Wajapani husema mandhari hiyo imeazimwa. Ufichaji wa sehemu ya kati ni ufundi wenye historia, na unaweza kufanywa kwa mapenzi ya uzuri. Lakini ukifanywa, mwenye bustani anaonekana kumiliki hadi kileleni. Mchoro nao unaweza kusema hivyo bila kuandika neno.

Katika nyumba kama hiyo yenu, usomaji huu una uzito wake. Nyanda hizo zilitengewa walowezi wa Kizungu hadi karibu na mwaka 1960, na ngome ya Lord Egerton hapo Njoro, iliyojengwa kati ya 1938 na 1954, bado inawaonyesha wageni ukubwa wa ndoto waliyokuja nayo. Mtu aliyeketi ofisini kwenu akiutazama mchoro huo alikuwa na mashamba halisi nje ya dirisha, na maskwota waliokuwa wakiyalima. Ukutani alichagua kuwa na mandhari isiyo na shamba. Hili linahusu aliyeutundika, na wanafunzi waliandike hivyo. Wasimbebeshe mchoraji ambaye huenda hakuwahi kufika Afrika.

Ndiyo maana yule kibarua ni wa thamani. Yeye ndiye mabaki ya sehemu ya kati. Tazama kama ana uso au ni doa tu, kama nguo zake zimepewa rangi yoyote isiyopatikana kwenye ua, kama njia inaelekea kwake au inampita. Toroli ina nini? Kayaba ikiachwa misimu ya mvua miwili hupoteza mstari wake wote. Ua ulionyooka vile ni kazi ya mtu, tena ya kurudiwa. Mchoraji aliyeweka ua ule bila mtu amesema bustani hujitunza. Wenu hakusema hivyo, hata kama alimsukuma mwenye kazi hadi pembeni, na napenda wanafunzi wampe haki hiyo.

Wale waliosema ni Peponi wasikatishwe tamaa, ila wadaiwe ushahidi. Lugha yenyewe iko upande wao: bustani ni neno lililotoka Uajemi kupitia Kiarabu, likimaanisha mahali pa harufu nzuri, na Firdausi lina asili ya neno la kale la Kiirani la eneo lililozungushiwa ukuta. Wimbo Ulio Bora, sura ya 4, unataja bustani iliyofungwa, na wachoraji wa Kikristo wa Ulaya waliichora kwa karne nyingi wakimkalisha Bikira Maria ndani yake. Lakini bustani hiyo ina dalili zake: ukuta au uzio unaozunguka pande zote, lango lililofungwa, chemchemi katikati kabisa. Ya Kiislamu mara nyingi hugawanywa mafungu manne kwa mifereji. Yenu ina njia moja inayokimbilia nje, kuelekea milimani. Kama haina lango mwishoni, ni vigumu kuiita iliyofungwa.

Kwa kusahihisha, nakushauri utoe alama 8 kati ya 20 kwa maelezo na vipimo, 8 kwa hoja inayounganisha vipimo hivyo na maana, na 4 kwa kutaja usomaji mwingine unaowezekana na kusema kwa nini haukuchaguliwa. Alama ya ishara tupu iwe sifuri, hata ikiandikwa kwa Kiswahili kitamu. Jibu la kupata alama za juu linaweza kuwa fupi kama hili: "Upeo wa macho uko mara mbili na nusu ya kimo cha kibarua, kwa hiyo tunatazama kutoka ghorofani. Njia inaelekea kwenye kilele bila kuonyesha ardhi iliyo kati, na rangi inaruka kutoka kijani hadi buluu. Nadhani mchoro unamwonyesha mwenye nyumba mlima kama mali yake, huku chemchemi ikidokeza kwamba bustani inauhitaji mlima kwa maji. Unaweza pia kusomwa kama Pepo, ila hauna ukuta wala lango."

Kwa zoezi la mwisho, kata nakala moja ya A4 pale ua unapokoma, tenganisha vipande viwili kwa sentimita 6, na ubandike karatasi nyeupe katikati. Kila mwanafunzi achore kwa penseli kinachopaswa kuwa hapo ili maji ya mlimani yafike kwenye chemchemi: mfereji, bomba, mahindi, mto, nyumba, watu. Mstari wa upeo wauache ulipo, na watu wao wawapime kwa kibarua, wakikumbuka kwamba anayesimama mbali zaidi yake lazima awe mfupi zaidi na nyayo zake ziwe karibu zaidi na upeo. Wengi hukosea hapo, wakachora mtu wa mbali mkubwa kuliko yule mwenye toroli.